Ununuzi wa umma: Kazi yenye soko hata misaada ikikauka

Mwaka 2025 ulikuwa mchungu kwa wengi waliokuwa wakiishi kwa fedha za miradi. Januari 20 mwaka huo, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Machi, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kuwa asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Ilipofika Julai 1, shirika hilo lilikuwa limeacha kuendesha misaada, na kilichobaki kikahamishiwa wizarani.

Waliotikiswa na hatua hiyo hawakuwa wauguzi na waelimishaji wa afya peke yao. Walikuwamo wahasibu wa miradi, maofisa wa ruzuku na watunza bohari. Nyuma yao walikuwapo wafanyabiashara wa Dar es Salaam na mikoani waliokuwa wakiwauzia karatasi, mafuta na matairi, au kuwakodisha magari na kumbi za semina.

Kwa kijana anayetafuta kazi, na kwa mfanyabiashara anayetaka kumwajiri, swali ni hili: ni ujuzi gani unaobaki na thamani mfadhili anapofunga mkoba wake?

Kazi mbili, ndugu wa tumbo moja

Kusimamia ruzuku ni kuhakikisha kwamba fedha ya mfadhili inatumika kwa jambo lililoandikwa katika mkataba, ndani ya muda uliowekwa, na kwamba kila shilingi ina karatasi ya kuielezea. Ununuzi wa umma ni kununua bidhaa, huduma na ujenzi kwa fedha ya wananchi, kwa ushindani na kwa kufuata sheria.

Kazi hizi hukutana mahali pamoja, nako ni kwenye manunuzi. Fedha za ruzuku ambazo hazilipi mishahara na posho mara nyingi huishia kununua kitu, na hapo ndipo wakaguzi huanza kupekua.

Tuseme taasisi imenunua kompyuta tano kwa shilingi milioni 2.4 kila moja, jumla shilingi milioni 12, kutoka duka moja bila kutafuta bei za maduka mengine kama mkataba ulivyotaka. Kompyuta zipo na zinafanya kazi. Hata hivyo, mkaguzi anaweza kuandika kwamba gharama hiyo haikubaliki, na mfadhili akadai arudishiwe milioni 12 zake. Taasisi isiyo na akiba italazimika kuchota mahali pengine, na mara nyingi atakayecheleweshewa malipo ni mfanyabiashara mwingine aliyekwisha kupeleka mzigo wake.

Kwa hiyo ofisa anayejua utaratibu hailindi taasisi yake peke yake. Analinda pia ankara ya muuzaji.

Ngazi ya kupandia

Nchini Tanzania, fani hii si mpya. Bodi ya kwanza ya kusimamia taaluma ya ugavi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Sheria Namba 23 ya mwaka 2007 iliunda Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, iliyochukua nafasi yake. Anayetaka kuifanya kazi hii anatakiwa kusajiliwa na bodi hiyo, kama mhasibu anavyosajiliwa na bodi yake.

Mtu anaweza kuanza kwa stashahada au shahada. Chuo Kikuu Mzumbe, Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Uhasibu Tanzania ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fani hii. Baada ya hapo hufuata mitihani ya bodi, ambayo kilele chake ni cheti cha CPSP. Cheti hicho hakifungamani na mfadhili mmoja. Mwenye nacho anaweza kubisha hodi halmashauri, hospitali, kiwandani, mgodini au kwenye mradi wa Benki ya Dunia, ambayo ina kanuni zake za ununuzi zilizoanza kutumika Julai 1, 2016.

Hapo ndipo penye tofauti. Ofisa aliyebobea katika fomu za mfadhili mmoja tu hubaki na ujuzi usio na mnunuzi mfadhili huyo akiondoka. Aliyejifunza ruzuku na ununuzi kwa pamoja ana mlango wa pili, maana serikali hainunui kwa msimu. Itahitaji dawa, madawati na barabara mwaka hadi mwaka.

Ofisa hagawi zabuni

Wafanyabiashara wengi bado wanaamini kwamba siri ya kupata zabuni ni kumfahamu ofisa ununuzi. Imani hiyo imewagharimu wengi, na imewafukuzisha kazi baadhi ya maofisa.

Sheria za ununuzi wa umma, tangu ile ya mwaka 2004, zimegawa madaraka makusudi. Idara yenye mahitaji hueleza inachotaka. Kitengo cha ununuzi hutayarisha nyaraka. Kamati ya tathmini hupima maombi, bodi ya zabuni huidhinisha, na ofisa masuuli hubeba dhamana ya taasisi nzima. Mzabuni asiyeridhika anaweza kulalamika, na akafika hadi Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Baada ya hapo, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huja kupekua majalada.

Kwa mgawanyo huo, ofisa anayeahidi kumpa mtu zabuni anauza kitu kisicho chake. Akibainika, anaweza kupoteza kazi na usajili wake wa bodi, na hata kufikishwa mahakamani. Mtaji wa ofisa ni jina safi, na jina likichafuka halirudishwi kwa semina.

Mfanyabiashara anafaidika vipi?

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10, na mwaka huo huo mfumo wa kielektroniki wa NeST ulianza kuchukua nafasi ya ule wa TANePS. Mzabuni hujisajili, husoma matangazo na kupeleka maombi yake katika mfumo. Muda wa mwisho ukipita, umepita. Hakuna mlinzi wa getini wa kubembelezwa apokee bahasha.

Aidha, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Fursa hiyo huwaponyoka wengi kwa sababu ya makaratasi: leseni iliyoisha muda, uthibitisho wa kodi uliokosekana, dhamana ya zabuni isiyofuata maelezo, au bei isiyojumlishwa sawasawa. Bei nzuri haiokoi ombi lililoanguka katika hatua ya awali.

Kwa sababu hiyo, kampuni ndogo inayotegemea zabuni haina budi kumhesabu mtaalamu wa ununuzi kama sehemu ya mtaji. Isipoweza kumwajiri kwa mwezi, imlipe kwa kila ombi, au isomeshe mmoja wa wafanyakazi wake. Mwenye kampuni alinganishe gharama hiyo na zabuni alizokosa mwaka uliopita kwa kasoro za nyaraka.

Naye mwekezaji mdogo anayetaka kununua hisa au kuingia ubia katika kampuni inayouza kwa serikali au kwa miradi aulize mambo mawili kabla ya kutoa fedha. Kwanza, ni sehemu gani ya mauzo inayotoka kwa mfadhili mmoja? Pili, ni nani anayeandaa zabuni, na amesajiliwa wapi? Kampuni isiyo na jibu la maswali hayo inaweza kuwa na faida leo, lakini faida hiyo imekaa juu ya mkataba wa mtu mwingine.