Saa ya mnara nayo inakula masafa

MWENYE hisa za kampuni ya simu huuliza mambo mawili kwanza: wateja wangapi, na gawio kiasi gani. Ni wachache wanaouliza ni masafa kiasi gani yanatumika bila kuuzwa kwa mtu yeyote. Masafa ndiyo rafu za duka la kampuni hizo. Yamelipiwa leseni, hayaongezeki ovyo, na kila sehemu inayobeba maagizo ya mnara ni sehemu isiyobeba maongezi wala data ya mteja.

Mojawapo ya maagizo hayo ni la saa. Mawimbi ya redio huchukua sehemu 3.3 za milioni ya sekunde kwenda kilometa moja. Ni muda mdogo mno, lakini simu iliyo mbali ikituma wakati mmoja na iliyo karibu, ujumbe wake hufika mnarani umechelewa na kuangukia nafasi ya mwenzake. Kwa hiyo mnara huiagiza itangulie kutuma, kulingana na umbali.

Katika GSM, iliyoanza biashara mwaka 1991, agizo hilo lina ngazi 64, kila moja sawa na meta 550 hivi. Ndipo ulipotoka ule ukomo wa kilometa 35 kwa mnara wa kawaida. Wakati wa maongezi agizo hurudiwa karibu mara mbili kila sekunde, mteja awe ndani ya basi liendalo kasi au amekaa dukani kwake hajasogea hata hatua.

LTE ilileta utaratibu wa kuipa simu muda wa kuamini saa yake: kuanzia nusu sekunde hadi sekunde 10 hivi, au bila ukomo kabisa. Muda ukiisha bila agizo jipya, simu hairuhusiwi kutuma data mpaka ibishe hodi upya, kwa kawaida kwa ujumbe 4 wa kwenda na kurudi. Fundi akiweka muda mfupi, maagizo yanajaa. Akiweka mrefu, simu iliyohama inawavurugia wengine.

Sasa fikiria mita ya maji. Haihami, na kwa siku ina tarakimu chache tu za kupeleka. Kuilazimisha ibishe hodi kila mara ni kukodi lori kupeleka kiberiti. Toleo la 16 la viwango vya 3GPP, lililokamilika mwaka 2020, liliruhusu vyombo vya namna hiyo kuhifadhi saa ya zamani na kutuma moja kwa moja katika nafasi vilivyotengewa, mradi vijiridhishe kwanza: kwa mfano, kwamba mnara ni ule ule na nguvu ya mawimbi haijabadilika sana. Toleo hilo pia liliipa 5G njia ya kubisha hodi kwa hatua 2 badala ya 4.

Kazi ngumu zaidi ni ya setilaiti. Iliyo juu kilometa 600 hukimbia zaidi ya kilometa 7 kila sekunde, na umbali wake na simu hubadilika muda wote. Kumwagiza kila mteja peke yake kungemaliza masafa. Toleo la 17 la mwaka 2022 liligeuza kazi: setilaiti hutangaza mara moja, kwa wote, mahali ilipo na mwendo wake, simu hujua mahali pake kwa GPS, hupiga hesabu na kujirekebisha yenyewe. Maagizo ya mmoja mmoja hubaki kwa makosa madogo.

Gharama haikufutika, bali imehamia kwa mteja. Kipokezi cha GPS kinakula betri, na ndani ya ghala la bati huenda kisione anga. Mfanyabiashara anayeagiza vyombo vya kufuatilia mizigo aulize kabla ya kulipa chombo kinafuata toleo gani, na kama mtandao wake umewasha huduma hizo, kwani kiwango kuandikwa si sawa na mtambo kufungwa.

Walionunua hisa za Vodacom Tanzania kwa sh. 850 mwaka 2017, au za kampuni nyingine yoyote ya simu, hawataikuta faida hii katika mstari wake kwenye hesabu za mwaka. Itajificha katika minara ambayo haikulazimu kujengwa mapema.