Kabla ya sindano ya testosteroni, sema kama bado unataka mtoto



Mwanaume anayebeba mizigo mchana na kulinda geti usiku anaweza kuchoka hadi hamu ya tendo la ndoa ikapotea. Anajiuliza kama ni umri, ni mawazo au ni ugonjwa. Hapa Berea majibu hayakosekani. Matangazo ya dawa za nguvu za kiume yamebandikwa kwenye nguzo na yanagawiwa njiani kuelekea Hillbrow, na kule jimu hakosi mtu anayemjua muuza sindano. Wengine wanakwenda kwa daktari, damu inapimwa, wanaambiwa testosteroni iko chini.

Kama uko katika hali hiyo na bado unataka mtoto, shika jambo hili moja: testosteroni inayoingizwa mwilini kutoka nje inaweza kukurudishia nguvu na wakati huohuo ikazima utengenezaji wa mbegu zako. Mwambie daktari mpango wako kabla ya sindano ya kwanza.

Kwa nini dawa ya wanaume izuie uzazi?

Testosteroni ni homoni inayotengenezwa kwenye korodani. Kazi hiyo inaamriwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Tezi hiyo hutuma homoni mbili, LH na FSH. LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, na FSH husaidia kutengeneza mbegu.

Fikiria jiko moja lenye vyungu viwili: kimoja kinapika testosteroni, kingine kinapika mbegu. Sasa jirani anakuletea chakula tayari kila siku. Mama wa nyumba anaona chakula kipo, anazima moto. Chungu cha pili nacho kinapoa. Ndivyo inavyokuwa sindano inapoingia. Ubongo unaona damu ina testosteroni ya kutosha, unaacha kutuma LH na FSH, na korodani zinalala, pengine hata kusinyaa kidogo. Mbegu zinahitaji testosteroni nyingi sana ndani ya korodani zenyewe, na ile ya sindano haiifikishi kiwango hicho.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1990 ilichapishwa ripoti ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani, ambamo wanaume wenye afya walidungwa testosteroni kila wiki ili kuona kama inafaa kwa uzazi wa mpango. Ndani ya miezi 6, zaidi ya nusu yao hawakuwa na mbegu hata moja kwenye manii. Lakini usiitumie kama kinga ya mimba, maana si kila mwanaume mbegu zake huisha.

Wengi wakiacha dawa mbegu hurudi, mara nyingi baada ya miezi 6 hadi 12. Kwa wengine huchukua hata miaka 2, na wachache hazirudi vizuri. Sindano za misuli za jimu zina hatari hiyohiyo, tena hujui ndani ya chupa kuna nini.

Vipimo vya kuomba kwanza

Uchovu peke yake si ushahidi. Damu ipimwe asubuhi, kabla ya saa tano, kwa sababu testosteroni hushuka kadiri siku inavyokwenda. Ipimwe mara mbili, siku tofauti. Kama mara zote mbili iko chini, LH na FSH nazo zipimwe, ili ijulikane kama shida iko kwenye korodani au kwenye tezi ya kichwani.

Omba pia kipimo cha manii. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii kabla ya kupima.

Mweleze daktari yote: kisukari, dawa za maumivu kali, matumbwitumbwi uliyougua ukiwa kijana, au kama uliumizwa sehemu za siri vitani au kizuizini. Si jambo la kuona haya. Linabadilisha matibabu.

Njia zinazolinda mbegu

Wakati mwingine dawa haihitajiki. Mwenye unene akipunguza uzito, testosteroni inaweza kupanda yenyewe. Usingizi wa kutosha na kutibu kisukari pia husaidia.

Kama dawa inahitajika na shida iko kichwani, si kwenye korodani, kuna dawa zinazowasha moto wa jiko lako mwenyewe. Ya kwanza ni sindano za hCG. Hii ni homoni ileile inayoonekana kwenye kipimo cha mimba, na kwa mwanaume hufanya kazi ya LH. Wengine huongezewa sindano za FSH. Ya pili ni vidonge vya klomifeni, vinavyousukuma ubongo utume LH na FSH zaidi. Usishtuke ukiona maelezo yake yanataja wanawake. Dawa hii ilitengenezwa kwa ajili yao, lakini madaktari huwapa pia baadhi ya wanaume.

Inahitaji subira. Mbegu moja huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo usitarajie mabadiliko kabla ya miezi 3.

Kama korodani zenyewe zimeharibika, dawa hizi hazisaidii sana. Hapo uliza kuhusu kugandisha mbegu kabla ya kuanza testosteroni. Huduma hii mara nyingi ni ya kulipia, hivyo uliza bei mapema.

Kama tayari unatumia testosteroni, usiiache ghafla peke yako. Rudi kwa daktari umwambie unataka mtoto. Na kama unapaka jeli, funika sehemu hiyo na unawe mikono. Familia nyingi hapa zinalala chumba kimoja, na jeli inaweza kumwingia mke au mtoto kwa kugusana ngozi.

Haki yako hapa

Kifungu cha 27 cha Katiba ya Afrika Kusini kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na kinataja wazi afya ya uzazi. Anza kliniki, kwa mfano kituo cha afya cha Hillbrow, uombe barua ya kwenda hospitali kubwa kama Charlotte Maxeke kule Parktown. Beba makaratasi yako ya ukimbizi au ya maombi ya hifadhi, na majina ya dawa zote unazotumia. Kama Kiingereza ni kigumu, nenda na mtu mzima unayemwamini akutafsirie. Usimtume mtoto kutafsiri mambo haya.

Na wewe mama unayesoma haya: mimba isipoingia, lawama huangukia kwako kwanza. Lakini katika karibu nusu ya ndoa zenye shida ya kupata mtoto, mwanaume naye ana sehemu yake. Nendeni wote wawili, mpimwe wote wawili.