Kuna Wafugao Mjusi Nyumbani!

Mtoto wa Mombasa au Lamu akimwona mjusi kafiri ukutani, jambo la kwanza ni kutafuta kiatu. Jina lenyewe halimpi nafasi nzuri kwetu, na hadithi zinazomhusu, zilizomo katika Bukhari na Muslim, zajulikana na wengi waliokaa chuoni. Mlango huo tuwaachie masheikh. Sisi leo twasimulia habari za watu wa ng'ambo wanaonunua mjusi kwa fedha, wakamtia katika sanduku la kioo, wakamwashia taa na kumlea kama mtu aleavyo njiwa.

Apendwaye zaidi ni yule mwenye madoa ya chui, ambaye asili yake ni Afghanistan, Pakistan na India. Huyo ni mpole, hapandi ukuta, na anazo kope za kufumbia macho. Ajabu yake ni mayai: yakikaa katika joto la digrii 26 hutoka majike zaidi; yakifika 32 au zaidi kidogo, hutoka madume zaidi.

Lakini yuko mwingine ambaye ni wa jirani zetu hasa. Kwao ni msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, mkoa wa Morogoro, Tanzania. Hashindi kidole kwa urefu. Dume ni samawati ya kung'aa, jike ni kijani iliyochanganyika na kahawia. Hukaa juu ya mti wa jamaa ya mkadi, ambao jina lake la kitaalamu limetokana na Rabai yetu hapa.

Kumlea si mchezo. Sanduku lake liwe refu kwenda juu, kwa kuwa yeye ni wa mitini. Apate taa yenye miale kama ya jua, anyunyiziwe maji ayarambe majanini, na alishwe nyenje wadogo waliopakwa unga wa kalsiamu, mifupa isije ikalegea. Madume mawili hayakai pamoja; yatapigana. Jike hutaga mayai mawili na mara nyingi huyagandisha penye jani au kioo. Ukijaribu kuyabandua, yatavunjika. Mfugaji mwenye subira huyafunika kwa kikombe hapo hapo, akangoja miezi miwili au mitatu.

Wengi, ole wao, hawakungoja. Kati ya 2004 na 2009 wataalamu walikadiria kuwa mijusi zaidi ya 30,000 walitolewa Kimboza kwa ajili ya biashara hiyo, na msitu wenyewe ni kama kilomita nne tu za mraba! Ili kuwashika, wawindaji waliikata mikadi, yaani walichukua wenyeji na nyumba wakaivunja.

Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, mataifa yalikubaliana kumtia mjusi huyu katika daraja la juu la ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliotolewa msituni imekatazwa. Wanaozaliwa masandukuni wapo wengi siku hizi. Basi jamaa yako wa Ulaya akitamani mmoja, amwulize muuzaji karatasi kwanza, kwani kwa macho hawezi kumtambua aliyeanguliwa chini ya kikombe na aliyeibwa mkadini. Rangi yao ni moja.