Sheria Dhidi ya Kutangaza Habari za Mtu kwa Nia ya Kumtisha

Jina la mwalimu na mahali ilipo shule yake si siri. Wazazi huyajua, wanafunzi huyajua, na hata mpita njia huweza kusoma kibao cha shule. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba, 2020, habari za namna hiyo, zilipotiwa katika mtandao wa intaneti pamoja na maneno ya uchochezi, zilimwongoza muuaji hadi kwa Samuel Paty, mwalimu wa historia na jiografia katika mji wa Conflans-Sainte-Honorine, Ufaransa.

Paty alikuwa amefundisha somo la uhuru wa kutoa maoni, akaonyesha katuni za kidini zilizokuwa zimezusha ubishi mkubwa. Mwanafunzi mmoja, ambaye hakuwamo darasani, alisimulia nyumbani habari zisizo za kweli kuhusu somo hilo. Baba yake akazisambaza, akitaja jina la mwalimu na shule. Tarehe 16 Oktoba kijana wa miaka 18, mkazi wa mji mwingine asiyemjua mwalimu huyo kabisa, alifika shuleni, akawapa wanafunzi fedha ili wamwonyeshe. Paty aliuawa alasiri hiyo karibu na shule.

Jinsi habari chache zinavyotosha hueleweka kwa hesabu nyepesi. Watu duniani wamepita 8,000,000,000. Swali la ndiyo au siyo linalowagawa katika nusu mbili sawa huondoa nusu yao. Maswali 33 ya namna hiyo humfikia mtu mmoja. Jina la shule hufanya kazi ya maswali mengi kwa mara moja, kwani hubakiza walimu makumi machache tu. Somo analofundisha huwapunguza zaidi. Kilichokosekana Conflans kilikuwa sura, nayo ilitambulishwa na wanafunzi.

Kwa hiyo sheria inayolinda siri peke yake haitoshi. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 24 Agosti, 2021, iliongeza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 223-1-1, ambacho hakiulizi kama habari ilikuwa ya siri, bali ilitolewa kwa kusudi gani. Mshtakiwa lazima awe amekusudia kumweka mtu au jamaa zake katika hatari ambayo yeye mwenyewe hakuweza kutoijua. Adhabu ni kifungo cha hadi miaka 3 na faini ya yuro 45,000. Hupanda hadi miaka 5 na yuro 75,000 ikiwa aliyetajwa ni, kwa mfano, mtumishi wa umma, mwandishi wa habari au mtoto. Sharti hilo la kusudi ndilo linalomkinga mwandishi wa habari anayefanya kazi yake kwa haki, ingawa ni dhahiri kwamba kuthibitisha yaliyomo moyoni mwa mtu si kazi rahisi mahakamani.

Ujerumani nayo, tangu Septemba, 2021, huadhibu hata usambazaji wa habari zilizo wazi kwa wote, na huongeza adhabu zikiwa si za wazi. Uholanzi, tangu tarehe 1 Januari, 2024, imekwenda mbali zaidi: kuzikusanya tu kwa nia ya kumtia mtu hofu ni kosa.

Kifungu cha Ufaransa, kwa upande wake, hakiishii kwenye intaneti. Kinasema kwa njia yoyote ile, na humgusa anayefichua habari pamoja na anayeipitisha kwa mwingine. Karatasi iliyobandikwa ukutani yaweza kuingia humo.