Riwaya Mpya Ziwafikie Vijana Wetu

Vijana wa Handeni na Korogwe wamekulia katika ngano za Kizigua na Kisambaa. Hadithi nzuri hawaichoki. Riwaya nayo huwavuta inapogusa maisha wanayoyajua. Katika *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo (2002), Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa karo na sare.

Tatizo ni kwamba wengi husoma riwaya kwa ajili ya mtihani tu. Wakimaliza kidato cha nne, hawashiki tena kitabu, na asiyesoma husahau hata alichojifunza. Wakati huohuo kazi mpya zinaandikwa: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, ina nafasi ya riwaya.

Vijana wa kijiji wanaweza kuchanga wakanunua nakala moja. Kila wakikutana, mmoja asome sura moja kwa sauti, kisha wajadiliane: wewe ungefanyaje? Kitabu kikiisha, kiazimishwe kwa daftari, nacho kiende kijiji cha jirani. Hivyo nakala moja itawafaa wengi.