Yaelewe Maneno ya Moyo na Mzunguko wa Damu

Katika Jiji la Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, mtu huweza kupimwa shinikizo la damu hospitalini, katika zahanati, au nyumbani kwa mashine aliyoinunua mwenyewe. Hata hivyo, wengi huondoka na karatasi yenye namba wasizozielewa, na wengine hueleza dalili zao kwa maneno yenye maana zaidi ya moja. Kutoelewana huko kwaweza kuchelewesha matibabu. Kwa sababu hiyo, tunafafanua hapa maneno ambayo kila mtumiaji wa huduma za afya anapaswa kuyajua.

Moyo
Moyo ni msuli wenye vyumba vinne unaosukuma damu mwilini. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na anapopumzika moyo wake kwa kawaida hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Tahadhari na usemi "chembe ya moyo": hiyo ni sehemu ya juu ya tumbo, chini kidogo ya kifua, na maumivu ya hapo yaweza kutokana na tumbo au moyo. Onyesha kwa mkono mahali panapouma, kisha ueleze maumivu yalianza lini.

Mshipa
Neno hili hutumika kwa mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na hata ngiri, taja unaokusudia. Mishipa ya damu ni ya aina tatu. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha, na kapilari, zilizo nyembamba mno, hufikisha oksijeni na virutubisho kwenye seli.

Presha
Shinikizo la damu ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za ateri. Kila aliye hai ana presha. Ugonjwa ni presha kuzidi kiasi. Huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 120/80. Ya kwanza, sistoli, hupimwa moyo unapojikaza. Ya pili, diastoli, moyo unapolegea. Vipimo vya 140/90 au zaidi, vikirudiwa siku tofauti, huashiria ugonjwa. Mgonjwa huweza asihisi chochote kwa miaka mingi. Basi kujisikia vizuri si sababu ya kuacha dawa bila ushauri wa daktari. "Presha ya macho" ni ugonjwa mwingine kabisa.

Mshtuko wa moyo na kiharusi
Mshtuko wa moyo hutokea msuli wa moyo unapokosa damu. Dalili zake ni kubanwa kifua, maumivu yanayoelekea mkononi au tayani, jasho jingi na kukosa pumzi. Kiharusi hutokea kwenye ubongo: mdomo hupinda, mkono hulegea, maneno hayatoki vizuri. Katika hali zote mbili usisubiri kuche. Mfikishe mgonjwa mara moja katika hospitali iliyo karibu.

Unapopimwa au kununua mashine
• Pumzika dakika 5, na usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla ya kipimo.
• Keti ukiegemea, miguu ikiwa sakafuni na mkanda ukiwa usawa wa moyo. Usizungumze.
• Omba namba zote mbili ziandikwe pamoja na tarehe.
• Chagua mashine yenye mkanda unaolingana na unene wa mkono wako, udai risiti, na ulinganishe vipimo vyake na vya kituo cha afya.
• Jihadhari na anayekupima mara moja kisha akakuuzia dawa papo hapo.

Vifaa tiba nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA); ukitilia shaka ubora wa mashine, toa taarifa. Tunakukumbusha kwamba kuuliza maana ya neno usilolielewa ni haki yako, wala si kumkosea adabu anayekuhudumia.