Kadi ya Chama na Dhamiri ya Mtu

Jina la Kawale hutajwa mahali pawili katika nchi ya Malawi: pa kwanza ni mtaa wa zamani wa Lilongwe, wenye soko na msongamano wa wachuuzi; pa pili ni mojawapo ya vitongoji vya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ambako watu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda wamejenga nyumba za matofali ya udongo na kuazima majina ya mitaa ya mjini. Siku ya Jumapili, mtu apitaye kambini husikia nyimbo za makanisa matatu au manne kwa wakati mmoja, kila moja likishindana na jirani yake kwa ngoma na vipaza sauti, na ikifika adhuhuri adhana nayo hujipenyeza katikati ya makelele hayo. Lakini ardhi hiyo hiyo, kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, ilikuwa gereza la siasa la serikali ya Dakta Hastings Kamuzu Banda, na miongoni mwa waliofungwa humo walikuwamo watu ambao kosa lao lote lilikuwa kukataa kununua kadi.

Kadi yenyewe ilikuwa ya chama cha Malawi Congress Party, na bei yake ilikuwa senti chache tu. Mashahidi wa Yehova waliikataa si kwa ubahili wala kwa uasi, bali kwa sababu itikadi yao huwakataza kujifungamanisha na chama chochote cha siasa, kiwe cha mkoloni au cha mzalendo. Mwaka 1967 serikali iliwapiga marufuku. Mwaka 1972 mkutano mkuu wa chama ukaazimia kwamba wafukuzwe makazini na vijijini, na vijana wa chama wakalitimiza azimio hilo kwa marungu na kwa moto. Maelfu walivuka mpaka kwenda Zambia, wakatiwa katika kambi ya Sinda Misale, kisha wakarudishwa kwa walewale waliowakimbia. Wengine wakaingia Msumbiji, ambako, baada ya uhuru wa mwaka 1975, waliikuta Frelimo, chama tawala cha huko, nayo haina subira na mtu asiyekubali kupaza sauti na kusema viva.

Wala mtu asidhani kuwa Banda alikuwa adui wa dini, maana yeye mwenyewe alikuwa mzee wa Kanisa la Scotland, na makanisa ya Malawi katika zama zake yalijaa waumini. Taasubi iliyotenda kazi hapo haikuwa ya dhehebu moja dhidi ya jingine. Ilikuwa ya dola iliyojifanya dini, yenye nabii wake aliyetangazwa Rais wa Maisha, yenye nyimbo zake, sare zake na sadaka yake ya lazima, na yenye kumhesabu kafiri kila aliyekataa kutia saini. Hilo ndilo ningependa msomaji alishike kwanza, kwa kuwa aghalabu tunapotaja uonevu wa kidini mawazo yetu huenda kwa msikiti na kanisa, ilhali ofisi ya chama husahaulika.

Dola hiyo ilianguka kwa namna isiyo ya kawaida. Tarehe 8 Machi 1992 maaskofu saba wa Kikatoliki, wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre, waliamuru waraka wao wa Kwaresima usomwe makanisani kote, nao ulitaja waziwazi umaskini, hofu na ukosefu wa haki. Maaskofu wakaitwa polisi kuhojiwa, na kuwa na nakala ya waraka ule kukafanywa kosa. Mwezi Mei wa mwaka huo wafadhili wa kigeni walizuia misaada mipya (ndio hao hao waliomfadhili Banda kwa miaka 28 bila ya kuona haya, mpaka vita baridi ilipokwisha na haja yao kwake ikaisha). Huko nako ni kushurutisha, na mwenye insafu hatakataa. Hata hivyo tarehe 14 Juni 1993 karibu thuluthi mbili ya wapiga kura walichagua wenyewe mfumo wa vyama vingi, Mashahidi wakaondolewa marufuku mwaka huo huo, na tarehe 17 Mei 1994 nchi yenye Wakristo wengi ikamchagua Bakili Muluzi, Mwislamu, kuwa rais.

Kwingineko utawala ulibadilishwa kwa silaha, si kwa kura: tarehe hiyo hiyo, miaka mitatu baadaye, majeshi ya AFDL, muungano wa waasi wa Kongo, yaliingia Kinshasa. Mkongomani wa Uvira au Bukavu aishiye leo Kawale hahitaji hotuba juu ya ukombozi uletwao na majeshi ya jirani: aliuona ukianza Kivu mwaka 1996, ukisindikizwa na askari wa Rwanda na Uganda, ukimwondoa Mobutu, na kabla mwezi haujaisha ukizuia shughuli za vyama vya siasa, na mwaka 1998 vita vikarudi upya, wakombozi wakipigana na waliowaleta. Wapo watakaosema kuwa jabari hang'oki kwa kura, nao watamtaja Idi Amin, ambaye mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wake na madhehebu mengi yakapigwa marufuku. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Mwalimu Nyerere alivuka mpaka kwa kuwa Amin alikuwa ameivamia Kagera, wala hakudai kuwapelekea Waganda demokrasia, ambayo kwa maana ya vyama vingi hata Tanzania haikuwa nayo. Jeshi lake lilimwondoa dhalimu Aprili 1979. Uchaguzi wa Desemba 1980 uligombewa uhalali wake, na watu wa Luwero wakalipa gharama hiyo kwa vita vya miaka mitano.

Naona, basi, kuwa iko tofauti kati ya kuuzuia mkono wa muuaji na kuwachagulia watu namna ya kutawaliwa. Marekani iliivuka tofauti hiyo Iraq mwaka 2003, na matunda yake yalikuwa makanisa kulipuliwa kuanzia mwaka 2004, kaburi takatifu la Samarra kubomolewa mwaka 2006, na majirani wa Baghdad kuulizana madhehebu kabla ya kuulizana hali.

Malawi nayo iliguswa na mkono huo huo wa Marekani. Juni 2003, Waislamu watano wa kigeni walikamatwa Blantyre kwa tuhuma za ugaidi. Mahakama Kuu iliamuru wafikishwe mbele yake, lakini serikali iliyotokana na kura huru, chini ya rais Mwislamu, iliwatoa nchini usiku kwa ndege, kwa msaada wa maofisa wa Marekani. Waislamu wa Mangochi walipandwa na ghadhabu, na baadhi yao wakayashambulia makanisa ya jirani zao, ambao hawakuwa na habari yoyote ya ndege ile. Mwezi uliofuata watu wale watano waliachiwa Sudan bila ya mashitaka, na amri ya mahakama ikabaki kuwa karatasi iliyopuuzwa na serikali ambayo raia walikuwa wameichagua ili mahakama ziheshimiwe.